Mstari Mmoja Juu ya Meza ya Ushuhuda

Mwanangu Byamungu,

Umetoka kwenda Newtown kuwaaga wenzako, na begi lako limesimama mlangoni limefungwa kwa mkanda wa suruali, kama vile unaogopa lisije likaghairi. Kesho asubuhi utapanda basi la Durban. Sitakuandikia habari za kufua nguo, kuficha pesa, wala kuchagua marafiki. Hayo unayajua, na usiyoyajua utafundishwa na Durban bila kuombwa ruhusa. Ini langu huwa linanyamaza kidogo saa za mchana baada ya uji, na utulivu huu mfupi nataka kuutumia kwa jambo moja tu.

Deo hakuuawa na kipimo ulichompa.

Nimeliweka mwanzoni ili hata ukiitupa barua hii hapo, uwe umekwisha kulisoma. Tangu tulipomzika umekuwa ukitembea ndani ya nyumba hii kama mtu aliyevunja chombo cha watu. Uliacha kugawa vile vipimo vya mate kwa vijana wenzako. Uliacha kujipima mwenyewe. Nilipokuuliza ulisema, "Sitaki kuona mstari wowote tena, Papa." Sasa unakwenda Durban kupakia makontena, kazi ambayo hujawahi kuitamani, na unaniambia ni kwa ajili ya mshahara. Mimi nilikuwa na maneno ya kukuzuia, nikayashikilia mdomoni. Leo nayatema, na yananuka.

Nakuandikia kwa Kiswahili nikijua utasoma polepole, maana shule ilikupa Kiingereza na mtaa ukakupa Kizulu. Ningeweza kukuandikia kwa Kifaransa, lakini Kifaransa changu ni cha ubaoni. Nimekizoea kwa kusema mambo nisiyoyaishi. Kwa Kiswahili ndiko nilikosemea uongo wenyewe, basi na ukweli upite mlango huohuo.

Unajua kwamba kule Uvira nilifundisha biolojia. Unajua kwamba huku Johannesburg nilivaa sare ya ulinzi kwenye geti la wenye nyumba za Midrand, nikiandika namba za magari ya watu walioniita "my friend" bila kunitazama. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yangu ya kuwa mtu. Kanisani kwetu Rosettenville waliniita Prof. Nilisoma Maandiko kwa sauti, nikaketi viti vya mbele pamoja na wazee, na mama wauza mboga wakaniamkia kwa kuinama. Usicheke. Mtu aliyeshinda juma zima akifungua geti anaweza kuuza chochote ili apate kiti cha mbele. Mimi niliuza.

Mama yako nilimpenda. Naandika hivyo kwa sababu najua utakapomaliza ukurasa huu utataka kujua. Nilimpenda kwa mwili na kwa akili, na alipofariki, wewe ukiwa bado unavaa kaptula za shule, nililala upande wake wa kitanda kwa muda mrefu ili usipoe. Lakini kabla yake nilikuwa nimempenda mwalimu mwenzangu wa kiume, na baada yake nikampenda Deo.

Umesoma sawasawa. Yule uliyekuwa ukimwita Tonton Deo kama baba yako mdogo, fundi cherehani mwenye chumba nyuma ya duka la spaza pale La Rochelle, aliyekushonea suti ya kumaliza shule na akakataa malipo, hakuwa ndugu yangu wa Bukavu kama nilivyokuambia. Nilikuwa nikipeleka suruali kupunguzwa kiuno. Baadaye nikapeleka suruali zisizohitaji kupunguzwa. Alikuwa na mcheko wa mdomo uliojaa pini. Alisema, "Prof, kiuno chako hakipungui, ni wewe unapenda tepu yangu." Miaka ile yote, mwanangu, kile chumba chenye vitambaa na harufu ya pasi ndicho mahali pekee katika mji huu ambapo sikuwa mlinzi wala mzee wa kanisa.

Sasa kumbuka siku uliyonieleza habari zako. Ulikuwa umesimama karibu na jiko, mkono juu ya mfuniko wa sufuria. Ulisema kwa Kiingereza, kisha ukajilazimisha kurudia kwa Kiswahili ili nisipate pa kukimbilia: kwamba unapenda wanaume, kwamba si mchezo, kwamba hutaki niambiwe na watu. Nikatema mate. Nilitema sakafuni, karibu na miguu yako, nikasema ni kinyaa, nikatoka. Uliyapangusa mwenyewe. Nilirudi nikakuta sakafu imekauka na chakula changu kimefunikwa.

Siku ile nilikuwa natoka kwa Deo. Shati langu lilikuwa bado na uzi wake begani.

Nimejaribu mara nyingi kulitafutia tendo lile jina jingine. Woga, malezi, mila, vita vilivyotupitia. Halina jina jingine. Nilikuwa mtu anayekula sahani moja na wewe na kukutemea kwa sababu unakula. Kila nikikumbuka, ule ute unarudi mdomoni mwangu wenyewe, na ndio ladha ninayokwenda nayo kaburini.

Nenda nami taratibu, maana ninalotaka kukueleza lina hatua zake.

Virusi vya UKIMWI ninavyo. Nilianza kuumwa nikiwa bado Midrand. Kwanza koo, kisha sehemu ya nyuma, maumivu na usaha ambao niliufua usiku usije ukauona. Nilikwenda kliniki ya mjini, mbali na mtaa wetu. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mpole, na akaniuliza kwa maneno ya wazi kabisa kama nalala na wanawake, wanaume au wote, kwa sababu, alisema, ni lazima ajue aweke wapi pamba ya kupimia. Mimi, mwalimu wa biolojia, niliyewahi kuwaambia wanafunzi kwamba kijidudu hakina haya, nikajibu, "Wanawake tu. Mimi ni mzee wa kanisa." Akanipima mkojo na damu. Koo hakuligusa, na nyuma hakugusa, kwa sababu mgonjwa alisema huko hakuna njia. Kisonono kikaendelea kuishi palepale nilipokificha, nami nikaendelea kunuka na kujipaka mafuta ya mkaratusi. Nikampelekea Deo kisonono kilekile. Yeye ndiye aliyenishika mkono tukarudi wote wawili, akamwambia yule mama, "Dada, huyu mzee ana aibu, mpime kila tundu." Muuguzi alicheka, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Lakini tulitibiwa tukapona. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini fundi cherehani aliyeishia darasa la sita alisema kwa pumzi moja kile nilichoshindwa kukisema kwa lugha nne.

Majibu ya damu yalikuwa yametoka tangu ile mara ya kwanza: ninavyo. Deo naye alikuwa navyo. Hatukuulizana vilipita wapi. Tulianza dawa. Kidonge kimoja kila usiku, na vile virusi vikalala, mpaka kwenye vipimo vya maabara vikawa havionekani. Ufahamu hilo vizuri: si virusi vinavyonimaliza leo. Ni ini, kwa saratani iliyokuja kwa njia zake. Kwa upande wa virusi ningefika miaka tisini. Deo pia angefika.

Mchungaji ndiye mtu pekee niliyemwambia kanisani. Nilimwambia virusi, sikumwambia Deo. Alinishika kichwa akaniombea, nami nikafurahi kwamba amelichukua vizuri. Alikuwa ameliweka akiba.

Unaikumbuka meza ya ushuhuda, ingawa uliacha kuja. Jumapili ya mwisho wa mwezi inawekwa mbele ya madhabahu, na kila aliyetendewa jambo analeta kitu cha kuonekana. Karatasi ya ukimbizi iliyogongwa muhuri mpya. Ufunguo wa chumba. Picha ya eksirei. Nguo ya mtoto wa mama aliyekuwa tasa. Watu wetu wamefukuzwa na kuibiwa kiasi kwamba hawaamini tena neno tupu, wanataka kushika. Siicheki desturi hiyo. Nimeona mwanamke akibusu karatasi yake ya ukimbizi pale mezani, na kilio chake kilikuwa cha kweli kuliko mahubiri yote.

Baadaye uvumi ulianza. Prof amekonda. Prof ameonekana kwenye foleni ya kliniki. Prof na fundi cherehani, wana mazungumzo gani yasiyokwisha? Wazee walipanga kikao juu yangu. Nikaiona sare ya ulinzi ikinijia hata siku ya Jumapili.

Ndipo nikakuta vipimo kwenye begi lako. Nilikuwa natafuta kitu cha kukulaumia, na nilikipata: vipaketi vidogo, kila kimoja na kijiti chake, kichupa cha maji na maelezo. Ulikuwa ukivigawa kwa vijana kwenye baa za mjini, wale wanaoogopa foleni ya kliniki kama nilivyoiogopa mimi. Nilikuita mchafu. Ulinijibu kwa upole ulionikera, "Eish, Papa, ni mate tu." Kisha ukatoka kwenda kazini, nami nikaiba kimoja.

Nilijifungia bafuni. Nikapitisha kijiti kwenye ufizi wa juu na wa chini, nikakitumbukiza kwenye kichupa, nikasubiri. Ukaja mstari mmoja. Huo ndio mstari unaosema hakuna kitu.

Byamungu, nilijua. Usiruhusu mtu yeyote akuambie mzee wa watu alidanganyika. Kile kijiti hakitafuti virusi. Kinatafuta askari ambao mwili unawatengeneza kupigana na virusi. Mtu anayemeza dawa muda mrefu, vita vyake vimetulia, na kwenye mate askari wanaweza kuwa wachache mno wasionekane. Karatasi ya maelezo ilisema kwa herufi nzito kwamba mtu anayetumia dawa asijipime kwa kipimo hicho, hakitamwambia ukweli. Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye choo. Nikaielewa vizuri kuliko walioichapa. Kisha nikaikunja, nikaitumbukiza nikaivutia maji, nikabaki na mstari.

Jumapili ya ushuhuda niliuweka mezani. Nilipanga kusema maneno machache: watu wamesema nina ugonjwa, nimejipima, tazameni. Hiyo tu ingetosha kunirudishia kiti changu. Lakini mchungaji alichukua kijiti mkononi, akakiinua juu, akafungua ile akiba yake. Akawaambia waumini kwamba mtu huyu alikuwa navyo, alikuja kwake akilia, wakaomba, na leo ni mstari mmoja. Kanisa likainuka. Kinanda kikapigwa. Wale waliotaka kunifanyia kikao wakanibeba mabegani, na vidole vyao vilikuwa vinanikwangua mapaja kwa shangwe. Mchungaji akanisogezea kipaza sauti, akaniuliza, "Prof, wewe ni msomi. Ni uongo huu?"

Nikasema, "Ni kweli."

Nilikuwa nimepewa bei kubwa kuliko niliyokuja kuomba. Kuwa mtu safi ni jambo jema, lakini kuwa mtu aliyeponywa ni kuwa karibu mtakatifu, na hakuna anayemuuliza mtakatifu habari za mafundi cherehani.

Deo alikuwa nyuma pamoja na kwaya, ndani ya kanzu za zambarau alizozishona kwa mikono yake. Jioni nilikwenda kwake. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha cherehani bila kushona, mikono imeanguka mapajani. Aliniuliza swali moja, nami nitakuandikia kama alivyolisema.

"Prof, uko unameza bado?"

Usiku uliotangulia nilikuwa nimemeza. Kichupa cha vidonge kilikuwa mfukoni mwa koti langu, nikakihisi kikinigusa ubavu. Deo hakuwa mtu wa kuficha. Jambo likimfurahisha lilimtoka kama uzi unaofumuka. Nikaogopa kwamba nikimwambia ukweli, kabla ya Jumapili ijayo kwaya nzima itajua.

Nikamwambia, "Sijameza tangu siku ya maombi."

Maneno hayo ndiyo yaliyomuua. Si kijiti. Ni mimi, kwa mdomo huu, ana kwa ana, kwenye chumba ambamo sikuwahi kulazimika kudanganya.

Hakuamini mara moja. Wewe ni shahidi wa hilo. Alikuja kwako siku mbili tatu baadaye kukuomba kipimo. Na hapa nataka unisikilize kuliko popote. Wewe ulimuuliza. Deo mwenyewe alinisimulia huku akicheka, "Mtoto wako ana maswali kama daktari, amenishika mlangoni akaniuliza mara mbili kama natumia dawa zozote za virusi." Akakujibu hajawahi kumeza hata panadoli. Alikudanganya kwa sababu alijua ukisikia anameza hutampa, na alitaka kijiti kiseme kwake kilichosema kwangu. Ulifanya kazi yako. Umekuwa ukijilaumu kwamba hukuuliza kwa mkazo, kwamba ungemtazama machoni zaidi. Hakuna mkazo unaopenya uongo wa mtu aliyekwisha kudanganywa na anayempenda.

Akapata mstari mmoja. Naye alikuwa amemeza dawa kila usiku kama mimi. Akazimwaga chooni, akaja kuniambia kama mtu anayetangaza harusi.

Kwa muda mrefu hakikutokea kitu, na hilo ndilo linalonitia kichefuchefu zaidi: nilikuwa na muda. Ningeweza kusema Jumatatu yoyote. Nilimeza vyangu kila usiku nyuma ya mlango uliofungwa, nikanawa mdomo, nikaenda kwake kesho yake nikamsikiliza akinieleza jinsi alivyo mwepesi siku hizi. Msimu wa baridi uliofuata kichwa kikaanza kumuuma. Akaacha kushona kwa sababu taa ilimchoma macho. Mchungaji alikuja na mafuta. Waumini walifunga. Hospitali alikataa, maana mtu aliyeponywa akienda hospitali anakuwa amemwaibisha Mungu.

Unakumbuka ulivyonisuta kwamba tunamwacha afe? Ulikuwa unapaza sauti barazani, nami nikakuambia nyamaza, una roho ya kuasi. Hukujua ninachofanya. Nilikuwa nasaga vidonge vyangu mwenyewe kwa kitako cha kikombe na kuvichanganya kwenye uji wake. Niliona ni rahisi kumlisha dawa kwa siri kuliko kumwambia neno moja. Alitapika. Nilikuwa nimemshikia beseni, na kwenye ule uji uliorudi niliona chembe nyeupe za kidonge, na nilishukuru kwamba macho yake hayaoni vizuri.

Alipomaliza kutapika alinishika mkono akasema, "Imani yangu ni ndogo kuliko yako, Prof. Unisamehe."

Nikampangusa mdomo. Nilikaa kimya mbele ya mtu anayeniomba msamaha kwa kufa.

Mazikoni ndiko nilipomaliza kuoza. Mchungaji alihubiri kwamba ndugu yetu aliufungulia mlango uovu wa siri, uponyaji ukamtoka. Watu wakatazamana. Kisha nikaombwa sala ya kufunga, na nikaisali, kwa sauti nzuri, nikaweka na mstari wa Kifaransa. Tuliporudi nyumbani ulisimama palepale karibu na jiko ukasema, "Mimi ndiye niliyempa." Nilikusikia. Nilivua viatu, nikaenda kulala.

Ndiyo hayo. Siombi uniite Papa baada ya hapa. Wala usiwe na haraka ya kunisamehe. Deo aliharakisha, ikamfikisha pabaya.

Nilichojifunza ni kidogo, na nimekilipia kwa mtu mwingine. Kinyaa nilidhani ni pua ya roho, kwamba kikikuambia hapa pananuka basi ni kweli. Nilikiamini nilipokutemea mate. Leo najua kinaweza kuelekezwa popote na mwenye mkono. Nilikielekeza kwako ili kisinigeukie mimi. Watu watakapokuonyesha kinyaa chao, angalia kwanza mikono yao inaficha nini. Na wewe usijionee kinyaa. Mwili wako, na wanaume utakaowapenda, na pamba ya muuguzi, na mate kwenye kijiti, hakuna kilicho kichafu humo. Kuhusu kupima, ulikuwa ukinifundisha mimi: kwamba kijiti kikionyesha mistari miwili ni kwenda kliniki kuhakikisha, na kikionyesha mmoja bado kuna miezi ya mwanzo ambayo hakiwezi kuisemea, na kwamba siku hizi hata asiye navyo anaweza kumeza kidonge cha kujikinga. Uliyasema hayo mezani nami nikikugeuzia mgongo. Niliyasikia yote.

Sasa habari ya leo asubuhi, halafu nitakuacha.

Ulidhani nimelala, lakini mlango uliousikia ulikuwa ni mimi nikitoka. Nilikwenda kanisani. Ilinichukua mapumziko mengi njiani, na pale kwenye roboti, kwenye taa za barabarani, mtu alinishika kiwiko kunivusha. Leo ni Jumapili ya mwisho wa mwezi. Walifurahi kuniona, wakadhani mzee anakuja kuaga. Nikafika mezani, nikatoa kichupa changu cha dawa, nikakiweka kati ya ufunguo wa mtu na karatasi ya mtu. Nikawaambia sijawahi kuacha kumeza hata usiku mmoja. Nikawaambia kwa nini mstari ulikuwa mmoja. Nikawaambia Deo alikuwa nani kwangu, kwa neno la wazi, na kwamba aliacha dawa kwa sababu nilimdanganya, na kwamba kijana wangu hana hatia.

Sikufika mwisho. Kipaza sauti kilizimwa, kinanda kikaanza, na wale walionibeba mabegani siku ile wakanishika makwapani kunitoa nje. Mmoja, niliyemwombea mtoto wake, alitema mate. Yaliangukia kiatu changu. Nilitaka kumwambia kwamba nayafahamu.

Kichupa kilibaki mezani. Nilikaa kwenye ngazi ya nje nikifikiri kwamba usiku wa leo sitakuwa na cha kumeza. Nilikuwa nimefika nyumbani, nimevua koti, mlango ulipogongwa. Alikuwa Mama Neema, yule anayeuza mikate pale kwenye kona ya roboti. Alikuwa amekifunga kichupa ndani ya kitambaa chake cha kichwa, na kichwa kilikuwa wazi, yeye ambaye sijawahi kumwona bila kitambaa. Alinipa bila kuingia. Nikadhani atanitukana, nikasubiri.

Aliangalia chini akasema, "Prof, vile vya mate, Byamungu bado ako navyo?"

Nikamuuliza vya nani. Akasema ana kijana. Halafu akaongeza kwamba tangu waliporudi kutoka kanisani kijana amejifungia, na amemwambia mlangoni kwamba naye aliacha kumeza, tangu ile siku ya mstari wangu.

Hakuwa Deo peke yake. Nilipaswa kujua. Kanisa zima liliniona.

Nilimwambia kwamba kijana wake asipimwe na kijiti, aende kliniki kesho, leo ikiwezekana. Akasema kijana hataki kumsikia mtu mzima yeyote, wala mama, wala mchungaji, wala mimi hasa. Akasema labda atamsikia Byamungu, maana Byamungu ni mwenzake. Sikuelewa mara moja alimaanisha nini kwa neno hilo. Kisha akaniangalia usoni, na nikaelewa kwamba anajua kijana wake ni nani, na kwamba hajamtemea.

Nimemwambia basi lako ni la asubuhi, kwamba utapita pale kwenye roboti kama kawaida, na kwamba siwezi kukuahidia kwa niaba yako. Amesema atakuwa amekwisha panga mikate, na kijana atakuwa amesimama naye.

Sikuombi ubaki. Kama ni basi, panda basi. Durban nako kuna vijana wanaojifungia. Mabasi nayo ni mengi. Lakini usiwapite. Usitafute maneno mazuri, mimi nilikuwa nayo mengi. Anza na lile swali ulilomuuliza Deo mlangoni, uliulize mara mbili kama ulivyofanya. Huyu atakujibu kweli.

Kichupa nimekiweka juu ya meza ya jikoni, wazi, karibu na chakula chako kilichofunikwa. Sikifichi tena. Ukirudi utakikuta, na sakafu nimeipangusa.

Baba yako